Kadi ya Mmunga

Hapana, Baba mdogo, usiniambie vita imekwisha. Hiyo najua. Umeisema tangu chakula cha mchana, umeirudia ukinywa chai, na kila mara unaisukuma ile kadi tupu ya mchezaji mbele yangu kana kwamba sijaiona. Unasema zamani bariyeri za askari zilikuwa kila kona na leo barabara iko wazi mpaka Nyanza-Lac, kwa hiyo mahali pa kuzaliwa ni mstari mmoja tu, nani atausoma? Nilikuwa na miaka kumi na moja uliponiambia neno hilo la mstari mmoja mara ya kwanza. Nimekuacha mezani nikaja kuandika huku nyuma, karibu na vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu nikibaki pale nitakuvunjia heshima, na wewe ndiye uliyenilipia shule.

Mwaka ule kwangu unanuka petroli na ndagala. Timu ya mpira ya mtaa wetu hapa Rumonge, Burundi, haikuwa na tajiri, ililishwa na ziwa. Kila Jumapili kila mtumbwi ulitoa beseni moja la ndagala, Mama na wenzake wakaanika na kuuza, na humo ndimo zilimotoka jezi, mipira na nauli. Tuliliita beseni la timu, na mvuvi aliyelinyima alizomewa sokoni hata na watoto. Halafu vita ikashuka kutoka milimani, ikatoka amri kwamba hakuna mtu kuingia ziwani usiku. Na ndagala ni samaki wa usiku, wanafuata taa. Mabeseni yakakaa makavu yamefunikwa ukutani kwetu. Hapo ndipo Baba mdogo Hamadi, mdogo wake marehemu baba yangu na katibu wa timu, alipotoa akili yake. Komite ya timu iliuza nyavu zilizokuwa zimelala bure, ikanunua televisheni, sahani ya kukamatia picha na jenereta, ikajenga ukumbi wa matete pembeni ya vichanja. Watu wakawa wanalipa tike kuangalia mpira wa Ulaya, na pesa hiyo iende kwa timu.

Ilikwenda, lakini vibaya. Kwa sababu ya saa ya kufunga njia, jioni kila mtu awe ndani, mechi zetu zilichezwa mchana, na za Ulaya nazo zikawa zinaonyeshwa mchana uleule. Uwanja ukabaki na mbuzi. Mchezaji wetu mmoja alitolewa ameumia goti, akachechemea moja kwa moja mpaka ukumbini kuuliza wazungu wamefungana ngapi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. “Shemeji,” akamwambia Baba mdogo, “umejinunulia mpinzani kwa pesa yako mwenyewe.” Baba mdogo hakucheka. “Ndiyo maana tunataka mutu,” akasema. “Wale wa Ulaya si wananunua watu wa inje? Na sisi tununue.”

Akanunuliwa Mmunga, kutoka Mboko, ng’ambo ya ziwa, Kongo. Kule nako kulikuwa na vita yao, vitu vya dukani vimepotea, kwa hiyo mama yake alilipwa katoni mbili za sabuni na gunia la chumvi, na Mmunga akapewa kitanda katika chumba chetu cha uani. Alikuwa mrefu, anaimba nyimbo za kanisani akifua, na kwetu sisi Waislamu alijifunza haraka kula kwa adabu yetu na kumsalimia Mama kabla ya jua kuwa kali. Alipopata habari ya bei yake alipiga makofi. “Katoni mbili! Mama Zaina, mimi ni mutu wa sabuni. Tengenezeni kamba, nitawaanika wapinzani wote.” Mimi aliniita Madamu Sekretere, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani na kadi za wachezaji niliziandika mimi.

Shida ilikuwa sheria ya mashindano: wachezaji wa nje wawili tu, na sisi tulikuwa tayari na wawili kutoka Kigoma. Baba mdogo alinikalisha mezani, ileile ya leo, akaniambia niandike Mmunga kazaliwa hapa Burundi, kwenye mlima fulani juu ya mji, maana kwetu kila mlima ni kama kata, una mkubwa wake na ofisi yake. Aliuchagua kwa hesabu. Ofisi ya mlima ule ilikuwa imechomwa pamoja na vitabu vyake vyote vya kuandikia waliozaliwa, kwa hiyo hakuna mtu wa timu nyingine ambaye angeweza kwenda kufungua kitabu na kusema tumedanganya. “Ni mustari moja tu, mwanangu, nani anasoma?” Niliandika polepole, kwa Bic ya bluu, ulimi nje. Nikapewa Fanta na kiti cha mbele ukumbini. Kwenye mechi yake ya kwanza Mmunga alifunga mawili, na katikati ya kipindi cha pili Baba mdogo alikwenda kuzima jenereta mwenyewe, kwa kuwa ukumbini hakukubaki mtu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo watu wazima wote wa komite walilijua na hakuna aliyelifikiria. Ofisi ya mlima ule haikuchomwa na moto wa jikoni. Wapiganaji walikuwa wanashukia huko. Kijana mwanaume wa mlima ule, mwenye miguu yenye nguvu, alikuwa mtu wa kutafutwa barabarani.

Tulikwenda kucheza Nyanza-Lac kwa minibasi. Na mimi nilichukuliwa, safari iwe zawadi yangu, bahasha ya kadi iko mapajani mwangu. Kwenye bariyeri tukashushwa. Mmunga hakuwa na karati nyingine ya kumtambulisha, kwa hiyo mimi ndiye niliyetoa kadi yake katika bahasha nikampa askari. Alikuwa kijana tu. Akasoma akifuatisha kwa kidole, akafika kwenye ule mstari, akasimama. “Mwandiko mzuri,” akasema. Akamuuliza Mmunga kama ni kweli, yeye ni wa kule. Mmunga alinitazama mimi, akamtazama Baba mdogo, akajibu kama komite ilivyomfundisha: “Ndiyo, chef.” Askari akamuuliza kwa Kirundi mkubwa wa mlima wao ni nani. Mmunga akacheka kidogo, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Hakujua Kirundi. Nilifungua mdomo, na mkono wa Baba mdogo ukanibana bega. Askari wakamvua Mmunga viatu, wakamkalisha kwenye benchi. “Mwende mucheze. Huyu atabaki, tutamuuliza kidogo.”

Tukaenda, na tulishinda. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza mpaka leo, kwamba tulicheza na tukashinda. Tuliporudi benchi lilikuwa tupu, askari wengine wamepokea zamu, nao walisema hawajamwona mtu yeyote mrefu. Baba mdogo alirudi pale mara tatu, na mara ya tatu aliambiwa asirudi.

Mama yake Mmunga alivuka ziwa baada ya wiki chache. Alikuja na katoni moja ya sabuni, bado imefungwa, akaiweka katikati ya sebule yetu. “Chukueni mali yenu,” akasema. “Nipeni mutoto wangu.” Akauliza ni nani aliyemwandika mwanawe mtu wa mlimani. Wazee wa komite waliangalia mkeka, wakasema, Mama, ni vita. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sikutoka.

Sasa ndagala wamerudi, kila baa ina televisheni kubwa kuliko mlango wetu, na uwanja uko na mbuzi vilevile. Kule ng’ambo vita haijaisha sawasawa, na bado vijana wanavuka. Mmoja yuko kwenye chumba cha uani tangu jana, kitanda kilekile. Sheria ni ileile, wageni wawili, na tayari tunao. Nikiandika kweli, hatacheza msimu huu, na Baba mdogo atasema mtaani kwamba shule aliyonilipia imeua timu. Labda itakufa kweli. Nimemsikia kijana akimwomba Mama maji, kwa sauti ile ya ng’ambo, na nimetambua kwamba hatujamuuliza hata jina.

Kesho asubuhi, Mama akianza kugeuza ndagala, nitabisha mlango wa uani. Nitamuuliza jina lake, jina la mama yake, na alipozaliwa. Nitaandika kadi kama atakavyosema, nimpe aisome yeye kwanza. Kisha nitaipeleka mezani kwa Baba mdogo, na safari hii sitanyamaza akinishika bega.