Mhasibu wa Baraka aliyeandika matabishi

Asubuhi hii Placide Byaombe anafungua kufuli la bureau yake, yaani ofisi, anafagia kibaraza, anafuta meza kwa kitambaa kilekile cha jana, kisha anaketi kusubiri. Mbele yake barabara ya kwenda bandarini Baraka imejaa watu. Akina mama wanapita na ndoo za mawese kichwani. Wanamwamkua vizuri, "Jambo, Papa Comptable," yaani Baba Mhasibu, na hakuna anayesimama.

Mwaka jana wangesimama. Byaombe, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alikuwa akiwafanyia hesabu wafanyabiashara kumi na wanne wa mji huu. Leo amebaki na watatu, na mmoja wao ni shemeji yake. Mapato yake yameshuka kutoka dola mia mbili kwa mwezi hadi chini ya hamsini. Pikipiki ameshaiuza.

"Habanichukii," anasema. "Bananiogopa. Afadhali bangenitukana."

Kilichomfikisha hapa ni kodi mpya ya matumizi. Anayeilipa ni mnunuzi, lakini mwenye duka ndiye anayeiongeza juu ya bei na kuipeleka serikalini kila mwezi. Na mhasibu ndiye anayetia sahihi kwamba hesabu zile ni za kweli. Zamani Byaombe alikuwa mtu wa kuulizwa faida imepotelea wapi. Sasa sahihi yake inaweza kumfungia mtu duka, na imeshafunga moja.

Duka hilo ni la Mama Aline Riziki, mjane anayeuza chumvi, sabuni na mawese karibu na soko. Yeye na Byaombe wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Mumewe alipofariki, Byaombe ndiye aliyezinyoosha hesabu za duka, na wakati ule hakumtoza hata franga.

Asiyeijua biashara ya Baraka inabidi aelezwe jambo moja. Hapa ukinunua kopo la chumvi, muuzaji hulijaza mpaka lifurike, halafu anakuongezea konzi moja ya mkono wake. Hiyo konzi ndiyo matabishi. Ukimnyima mnunuzi matabishi, ataondoka amenuna na kesho hatarudi. Mama Aline alikuwa na mkono wazi kuliko wenzake, hasa kwa wakimbizi waliotoka mbali, kule kambi ya Lusenda.

Konzi moja si kitu. Lakini konzi za miezi tisa ni magunia, bwana. Byaombe aliona kwamba magunia yaliyoshuka bandarini hayalingani na yaliyouzwa, akajua wakaguzi wa kodi watasema Mama Aline anauza kwa kificho. Basi akafanya kama alivyofundishwa chuoni: akaandika ukweli. Katika hesabu za kila mwezi akatenga mstari mmoja, akauita matabishi.

Hakumwambia mwenye duka. Nani Baraka anamuuliza mtu habari za matabishi? Ni sawa na kumuuliza leo amewaamkua majirani wangapi.

Wakaguzi walipofika hawakumwita Mama Aline mwizi. Walisoma, wakasema kwa upole kwamba kitu kilichotolewa bure dukani nacho kina kodi yake. Matabishi ya miezi yote tisa yalipiwe, na adhabu juu. Jumla, dola mia tisa. Mama Aline hakuwa nazo, wakatia lakiri mlangoni. Kutoa ni moyo, tumefundishwa hivyo tangu utotoni, na inauma kuona moyo wa mtu umepigiwa hesabu mpaka senti ya mwisho.

"Bangekuta mustari ule hauko, bangemupiga adhabu ya kuficha," anasema Byaombe. "Bakaukuta, bakamupiga ya kutoa. Lakini ya kuficha tungebishana. Hii mi niliisaini."

Nyumbani kwake, Mama Aline anamenya mihogo uani. Binti yake mkubwa amerudishwa kutoka chuo kwa kukosa karo, na sasa anamsaidia kuuza maandazi getini. Mama huyu haongei kwa hasira, na hilo ndilo linalomkosesha Byaombe usingizi.

"Papa Placide hakuniibia," anasema, kisu hakisimami. "Ila angeniuliza mbele ya kuandika. Ningemwambia, ile haiko mali ya duka. Ile ni ya mi na bantu."

Habari zilienea kabla jua halijazama. Sokoni wakasema huyu mhasibu anaandika hata huruma ya mtu. Wateja wake walikuja mmoja mmoja kuchukua karatasi zao, kila mmoja na kisingizio chake cha heshima. Nicolas, mhasibu mwenzake aliyesoma naye, hakungoja yamfike. Amefunga bureau yake na kwenda Misisi kutafuta dhahabu.

Na matabishi? Yamekwisha. Siku hizi akina mama wanalikata kopo kwa kijiti, juu inabaki tambarare. Mke wa Byaombe, Solange, anasema akifika yeye, kijiti kinapita mara mbili. Anarudi nyumbani na chumvi yake, anapika.

Alhamisi Byaombe na Mama Aline watapanda hadi Fizi, kwenye ofisi ya kodi, kila mmoja kwa pikipiki yake ya kukodi, kuomba deni lilipwe kidogo kidogo. Nusu ataibeba mhasibu, kwa pesa za ile pikipiki aliyouza. Mama Aline alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alinyamaza, na Byaombe akachukua ule unyamavu kuwa ndiyo. Kama ofisi itakubali, hakuna ajuaye.

Wakikubaliwa, anajua atakalofanya. "Siku atafungua, mi nitakuwa wa kwanza mulangoni. Nitaomba kopo moja ya chumvi, nilipe na kodi yake. Akiniongezea konzi, nitajua maneno yetu imekwisha."

Anapoulizwa kama konzi hiyo ataiandika, Byaombe anachukua kitambaa chake, anaifuta meza tena. Mama mmoja anapita, anamwamkua, hasimami.

"Nitamuuliza kwanza," anasema.