Kioo cha Mama

Juzi mjukuu wangu kanipiga picha kwa simu, kaitazama, kisha kaniuliza, "Bibi, niifute au niiweke?" Kwake lilikuwa swali dogo, jibu lolote lingemtosha. Mimi nilimwambia asubiri kwanza. Swali hilo, mwenzangu, nililisikia zamani Rasbura, mjini Lindi, enzi za Mwingereza, nami nikiwa msichana wa kubeba wadogo mgongoni.

Jirani yetu alikuwa mpiga picha. Ukipita uani kwake dawa zake zilikukaba pua kwa harufu ya siki. Kamera yake ya miguu mitatu ilikuwa ya kizamani, ya vioo. Sura yako ilinaswa kwanza kwenye kioo, tena kinyume: uso mweupe pe, meno meusi kama uliyetafuna makaa. Sisi watoto tulicheka hadi tukafukuzwa. Kutoka kwenye kioo hicho ndipo alipotoa picha za karatasi, moja au ishirini, kadiri apendavyo, na hapo ndipo wanawake wa mtaa wetu walipoingiwa na shaka.

Sikukuu ya Idi walimjia na wanja machoni na asumini kichwani, wakavua mabuibui mlangoni, lakini kwa sharti: karatasi moja ikishatoka, kioo kioshwe mbele yao. Nani alitaka uso wake ulale nyumbani kwa mume wa mtu? Basi jirani alichemsha maji, akakitumbukiza kioo, na ile sura ikabanduka kama utandu wa maziwa. Vigelegele vilipigwa, fulani kaoga Idi! Vioo vya wanaume alivihifadhi kwenye bati la biskuti.

Mama yangu alipigwa picha Idi moja tu. Namwona kitini, mikono mapajani, kabana midomo asicheke, maana bibi, mama yake mzazi, alikuwa kasimama pembeni akimkanya. Karatasi ilipotoka, jirani alisitasita na kioo mkononi.

"Mama, hiki niachie. Karatasi ni karatasi tu, huenda kesho mkakihitaji."

"Mwanangu, tulikubaliana," bibi akamjibu. "Uso wa binti yangu haukai kwenye bati lako la biskuti. Mwoshe."

Akamwosha. Kioo kilipotakata akakikausha kwa kanzu yake, akakitia kwenye fremu kuifunika picha ileile ya mama, akatupa zawadi.

Haukupita muda mrefu, homa ikamchukua mama. Bibi akanichukua Kitomanga, kwenye shamba lake la mikorosho, na fremu ikatundikwa ukutani. Kila asubuhi, kabla ya kukoka moto, bibi aliitazama. Masika ilipokwisha akaitungua aipanguse vumbi, kumbe mchwa walikuwa wamepita nyuma, ndani ya udongo. Walikuwa wamekula mbao, wamekula karatasi, wamekula mama. Kioo ndicho kilichosalia.

Bibi hakulia. Alikifunga kioo kwenye khanga, akaniambia tunakwenda Lindi.

"Shikamoo, mama," jirani akampokea.

"Marahaba, mwanangu. Nakuuliza jambo, wala sitakasirika. Picha ya binti yangu. Hukutoa karatasi nyingine kwa siri?"

"Wallahi sikutoa, mama."

"Hata moja? Kwa kujiwekea tu?"

"Mama, wewe unanijua! Haki ya Mungu, sikutoa."

Maskini, alidhani anashitakiwa. Aliapa kwa nguvu zake zote ili amtulize bibi, na kila kiapo kilimzika mama upya. Sijapata tena kuona mtu akihuzunika vile kwa kuambiwa kuwa jirani yake ni mkweli.

"Mungu akuzidishie uaminifu," bibi akasema, akavuta ushungi usoni. Mimi nilimchukia yule bwana miaka mingi.

Siku hizi simchukii. Angekuwa mtu wa kuficha vioo, nani angemvulia buibui? Mama asingekaa kwenye kile kiti kabisa, na mimi nisingekuwa hata na ile midomo iliyobana kicheko, ambayo ndiyo pekee niikumbukayo vizuri. Macho yake yamenipotea. Wanawake wale wa Idi wamekwisha, na ile harufu ya siki sijaisikia tena mtaani kwetu.

Nilimwambia mjukuu aiweke. Kisha nikaingia chumbani, nikakitoa kioo kwenye khanga, nikakipangusa, ingawa hakikuwa na vumbi.