Orodha Ilishajaa, Lakini Nilikwenda Kucheza

Niliondoka kijijini kwetu Kolo kwa sababu ya simu moja. Mwalimu Josephine, aliyetufundisha mpira wa magongo shuleni, alimpigia kocha wa timu moja ya Dodoma kuulizia bonanza la vijana, lile linalochezwa kabla ya msimu kuanza ili makocha watazame wachezaji wapya. Kocha akamjibu, "Mwalimu, hizo mechi ni za kupasha misuli tu. Timu nimeshaipanga." Tulikuwa wawili tu ofisini na nilisikia kila neno. Mwalimu akaniangalia. "Zuhura, utakwenda au hutakwenda?" Nikamwambia nitakwenda, tena aniazime gongo lake zuri.

Ijumaa asubuhi mimi na Mwalimu tulipanda basi litokalo Babati. Kondoa ikapita, kisha Chemba, kisha tambarare kavu ya Haneti yenye ng'ombe na miiba. Mzee mmoja aliyeliona gongo aliniuliza kama nilikuwa nakwenda kuchunga. "Ni la kuchezea mpira, babu," nikajibu. Akacheka mpaka Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu. Mimi sikucheka.

Mchana tulifika Chang'ombe ya Dodoma, kwa Shangazi Mwajuma mwenye duka la vitenge.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mshindi anapewa nini huko?"

"Hakuna kombe."

"Sasa mnashindania nini?"

"Kuonekana."

Alitikisa kichwa, lakini jioni jezi yangu aliipiga pasi mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, uwanjani, niliingizwa katika kikosi cha wasio na timu. Wengine walikuwa na viatu vya mpira, wengine raba za shule. Ardhi ilikuwa ngumu, imeshindiliwa ikawa kama sakafu. Sisi Kolo tunacheza kwenye mchanga wa mto uliokauka, ambako mpira unasimama upendapo. Hapa ulikuwa unateleza kabla sijainama. Tulianza na timu ya yule kocha wa kwenye simu. Mshambuliaji wao, msichana mrefu aitwaye Doreen, alinipita mara tatu katika kipindi kimoja, na mara zote tatu akafunga. Pembeni watu wakacheka. Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani kuvua ile jezi.

Mwalimu alinipa maji. "Kule mtoni unaukimbilia mpira. Hapa usiukimbilie. Usubiri uje."

Saa tisa alasiri tulipangiwa timu ile ile. Doreen akaja, nikasubiri, nikamnyang'anya. Akaja tena kwa upande wa kushoto, nikamnyang'anya. Goti langu lilichubuka na damu ikaingia kwenye soksi, lakini hakunipita tena. Tulitoka sare bila bao. Sisi tusio na timu tulikumbatiana utadhani tumetwaa ubingwa. Doreen alinishika mkono. "Dada, wewe unacheza timu gani?" Nikamwambia sina. Akageuka kumtazama kocha wake.

Nikamfuata kocha palepale, gongo mkononi.

"Umecheza vizuri," akasema. "Tutawasiliana."

"Kalamu unayo, kocha. Niandike sasa."

"Orodha ilishajaa, binti."

"Kama ilishajaa, mlituita tuje kufanya nini?"

Aliziba kalamu yake akaenda zake. Mwalimu hakuniambia nyamaza.

Jumapili tulirudi. Njia nzima nililipima lile swali la mechi zisizo na kombe, kama zina maana. Kwa kocha hazikuwa na maana, kwani majina alikwisha kuyaandika. Kwangu zilikuwa na maana kubwa. Niliondoka nikidhani wasichana wa mjini wana kitu nisichokuwa nacho. Kumbe kinachotutenga ni ardhi ngumu tu, na ardhi ya kushindilia haiombwi kwa kocha.

Jumatatu asubuhi nilichukua jembe nikaenda kwenye kiwanja kilichoachwa nyuma ya mashine ya kusaga, baada ya kumwomba mwenyekiti wa kitongoji ruhusa. Mwalimu alikuja na wanafunzi sita baada ya vipindi. Tulichimbua visiki, tukasawazisha, tukamwaga maji, tukashindilia kwa magogo mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Mama mmoja aliyetoka kusaga alisimama na ndoo yake ya unga kichwani. "Mnajenga nyumba ya nani?"

"Hatujengi nyumba, mama," nikamwambia. "Tunatengeneza uwanja. Mwakani wa Dodoma ndio waje kwetu."