Mchungaji Asiyefungua Kitabu

Mume wangu ni mchungaji, na kwa ubishi hana mpinzani. Kubatiza, kuzika, kufungisha ndoa, yote ameyafanya miaka nenda rudi bila kufungua kitabu cha ibada. Anakishika tu mkononi, kimefungwa. Anayesoma, husema, hajui kazi yake.

Mwaka huu kumbukumbu ikaanza kumpiga chenga. Alimbatiza mtoto, akageuka kidogo, akataka kumbatiza tena. Wazee wa kanisa wakaanza kunong'ona, nami nikahamia benchi la mbele nimkumbushe kwa midomo. Nikimsihi asome, ananiuliza tangu lini nimesomea uchungaji. Jamani, mtu huyu!

Kisha kitinda mimba wetu akapata mchumba, akasema hafungishwi ndoa na mwingine ila baba yake. Wazee wakakubali shingo upande: akikosea, basi, apumzishwe. Mume wangu hakuwa na ombi jingine kwa Mungu ila hiyo ndoa. Nikatia utepe mwekundu kitabuni, kwenye ukurasa wa ndoa. Wiki hiyo alikuwa ametoka kuzika mfululizo.

Siku yenyewe alipendeza kweli. Binti akasimama mbele yake na shela lake, bwana harusi akitokwa jasho. Mume wangu akakohoa, kitabu kimefungwa, akasema kwa sauti yake ile nzuri:

"Wapendwa mliofiwa, Bwana awafute machozi."

Mtu nyuma akacheka, nikageuka nikamkata jicho. Mume wangu akaendelea kumsifu marehemu, kwamba alikuwa mtoto mtiifu, huku akimtazama binti yetu usoni. Binti akaitikia amina. Akachukua kitabu mkononi mwa baba yake, akakifungua penye utepe, akaweka kidole kwenye mstari.

"Baba, soma hapa."

Akasoma. Kidole kikatembea, sauti ikafuata, mpaka wakawa mume na mke.

Nyumbani alikaa kitandani, kola mkononi. Nikampelekea chai, nikapiga domo kuhusu keki iliyokuwa kavu. Hakunisikia.

"Mama, nimemzika mwanangu," akasema. "Mwambie mzee wa kanisa aje achukue funguo."

Mwaka mzima nilitamani aseme hivyo. Moyo ukaniuma vibaya. Nikamwambia labda apumzike kidogo tu, halafu arudi, asome kitabu kama wenzake. Nikangoja aniulize tangu lini nimesomea uchungaji.

Akasema asante, akanywa chai yake.