Mkono wa Kushoto wa Mwinjuma

Mume wangu Mwinjuma ana miaka arobaini na minne na kilo mia moja na tisa. Hapa Masuguru wanamwita Bingwa, na yeye anaitika. Nimeishi naye miaka kumi na tisa na nimemkanda baada ya kila pambano, kwa hiyo udhaifu wake wa ulingoni naujua wote. Goti la kulia ni bovu. Pumzi inamwishia raundi ya tatu. Na kila akirusha ngumi ya kushoto, mkono unarudi chini, usawa wa kiuno, badala ya kurudi kulinda shavu. Zamani miguu ilimtoa hatarini kabla mtu hajauona huo mwanya. Sasa miguu haiwahi.

Mwaka jana alipigwa hapo hapo, kwenye taya la kushoto. Wiki mbili nzima akawa ananiita kwa jina la dada yake. Tangu siku hiyo naogopa. Naogopa akichelewa kuamka, naogopa hata kijiko kikimdondoka.

Mabondia wa uzito wa juu huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Promota alipotaka mpinzani wa pambano la Handeni, akampata Rehani, kijana wa miaka ishirini na tano aliyefundishwa ngumi na Mwinjuma mwenyewe, uani kwangu, akila ugali wangu. Na mwalimu mwenyewe hana siri, alikuwa akijitolea mfano: "Usiwe kama mimi. Ona mkono wangu unavyoshuka. Hapo ndipo mtu anakuua."

Nikapanda bodaboda mpaka kwa Rehani, mume wangu hajui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rehani, taya la mwalimu wako unalijua."

Akainamisha kichwa. "Nalijua, mama."

"Basi usiliguse."

Alinibebea mkoba, akanisindikiza mpaka barabarani.

Jumamosi, Handeni, ulingo ulijengwa uwanjani kwenye jua kali. Raundi ya pili mkono ukashuka. Nikafumba macho. Nilipofumbua, Rehani alikuwa anampiga mbavuni. Raundi ya tatu ulishuka mara nne, na mara zote nne kijana alipiga mabega na mbavu tu. Watu wakaanza kuguna. Mwisho majaji wakatoa sare, na mimi, mjinga mkubwa, nikamshukuru Mungu.

Maana Mwinjuma alirudi nyumbani anacheka.

"Umeona, Tatu? Mkono haukushuka. Kijana anaujua ugonjwa wangu wote, na bado hakupata pa kuingilia."

Jumatatu akasaini pambano la Dar es Salaam, na mtu kutoka Mwanza ambaye hatujawahi kumwona na hajawahi kula kwetu.

Hapo nikamwambia ukweli wote. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mwite," akasema.

Rehani akaja. Akavua viatu mlangoni, akaamkia, akakaa mkekani mbele ya mwalimu wake.

"Mama yako hapa anasema ulinionea huruma."

Nikamkazia macho kijana. Sema, mwanangu, sema tu, hata mimi nikiaibika. Jasho lilikuwa linamtiririka Rehani usoni. Mwili wote ule, lakini kumwangalia mwalimu wake na kumwambia amezeeka hakuweza.

"Hapana, mwalimu," akasema taratibu. "Nilitafuta nafasi, sikuiona."

Mwinjuma akanigeukia. Wala hakuwa na hasira, maskini, alikuwa na furaha. Akaninyooshea mikono nimfunge bandeji, aanze mazoezi ya Dar. Nikamfunga, nikianzia wa kushoto, na fundo likakataa kukaza.