Jua la Nyuma ya Kifusi

Nilipokuwa darasa la tano huko Segese, kila asubuhi kabla ya shule nilimsaidia mama kuwasha jiko. Alikuwa akiuza chai na chapati kwa wachimbaji wanaowahi kazini. Pale barazani tulikuwa tunatazamana na kifusi cha mgodi, mawe yaliyorundikwa mpaka yakawa mlima, na jua lilitokea nyuma yake. Mwezi wa sita lilichomozea kushoto, karibu na mnara wa simu. Mvua zilipokolea mwezi wa kumi na mbili, lilikuwa limeshahamia kulia kabisa. Hakuna aliyenifundisha hilo. Niliona tu.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wetu wa Maarifa ya Jamii aliandika ubaoni, akapiga ubao kwa fimbo, nasi tukaitikia kwa pamoja.

"Jua huchomoza wapi?"

"Masharikiii!"

"Tena!"

Tuliitikia mpaka sauti zikakauka. Kuitikia kulinichosha kuliko kuchota maji. Nilikuwa nimeshaelewa mara ya kwanza, na nilikuwa na swali, lakini kipindi hakikuwa na mahali pa kuliweka. Kwenye jaribio nikaandika: "Mashariki, lakini si mahali pamoja mwaka mzima." Nilipigwa mkasi mwekundu, alama ya kukosa. Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, mbona nimekosa?"

"Jibu ni neno moja."

"Lakini jua linahama."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaniambia nitoke nje, na kesho nije na mzazi.

Nililia njiani, kwa hasira wala si kwa aibu. Nilijua niko sahihi, na hilo ndilo lililonichoma.

Mama alikuja na kanga yake ya kazini, unga ungali kwenye vidole.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, mama. Binti yako ana kichwa kizuri, ila hafundishiki. Anasema jua linahamahama."

"Mimi jua sijui linatokea wapi, saa hizo nimeinamia chapati," mama alisema. "Lakini huyu si mwongo. Mpe nafasi akuonyeshe."

"Mama, wamebanana wanne wanne kwenye dawati. Nikimpa kila mmoja nafasi ya kunionyesha, nitamaliza lini kufundisha?"

Alisema kwa uchovu, bila ukali, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu mwenye mzigo. Nikapata ujasiri.

"Sitakula kipindi chako, mwalimu. Nitatumia mlingoti wa bendera. Kila Jumatatu, kengele ya mstarini ikilia, nitaweka jiwe mwisho wa kivuli."

Alinitazama, akamtazama mama.

"Weka mawe yako. Ila darasani utaitikia kama wenzako."

Nikaanza Septemba. Mawe ya kwanza wavulana waliyapiga teke wakicheza mpira, nikabadilisha, nikapigilia vijiti. Siku za mawingu nilikosa. Wenzangu waliniita mganga wa jua, kisha wawili kati yao wakaanza kunishikia vijiti nikipigilia. Mwanzoni kivuli kilielekea mlango wa ofisi ya walimu. Taratibu kikauacha, kikasogea kuelekea ukuta wa darasa la pili.

Karibu na kufunga shule, nilimkuta mwalimu amesimama peke yake kwenye safu ya vijiti. Aliinama, akashika kimoja kama anayehakikisha hakijahamishwa.

"Umevisogeza?"

"Hapana, mwalimu. Kengele ni ileile, na mlingoti haujaondoka."

Kisha kengele ilipolia, hakutupeleka darasani. Alilileta darasa lote uwanjani.

"Nani ataniambia kwa nini kivuli kimehama?" aliuliza.

Hatukuitikia kwa pamoja. Kila mtu alisema lake, kelele tupu, mmoja akadai dunia imelalia upande, mwingine akasema mlingoti umepinda. Mwalimu aliwasikiliza wote. Mwisho akasema, "Mimi mwenyewe nitakwenda kusoma kwanza. Tutaongea muhula ujao."

Alama yangu ya lile jaribio hakuirudisha, na Januari, tulipoingia naye darasa la sita, kuitikia kukaendelea kama kawaida. Lakini baada ya kuitikia aliacha dakika chache, akaweka chaki mezani na kusema, "Haya, maswali." Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza, na safari hii haukuwa peke yake.