Pumzi ya Sule

Nilipokuwa mtoto, kwetu Likoni winda za mtoto mchanga hazikuachwa kambani jua likitua. Nyuni angepita juu yake. Huyo ni ndege ambaye hakuna aliyepata kumwona, lakini kila mtu aliijua kazi yake: akipitisha kivuli chake juu ya nguo za mtoto, mtoto mwenyewe hukakamaa, macho yakamgeuka. Sikuwahi kumsikia mtu mzima akilibishia jambo hilo. Na mimi, pamoja na kisomo changu chote, hadi leo nikiona winda nje magharibi huzianua hata kama si zangu. Nichekeni tu.

Ndugu yangu Sule alizaliwa mchana kweupe, chumbani kwa nyanya, mama yake baba. Uchungu ulikuwa umemshika mama tangu jana yake. Mkunga alikuwa Bi Mwanasiti, mwanamke mpole aliyewazalisha wanawake wengi wa mtaa wetu, na hata mimi nilipokelewa na mikono yake. Nilikaa uani karibu na mlango. Nikasikia, "Katoka!" Nikangoja kilio, wala hakikuja.

"Mbona halii?" mama akauliza.

"Kachoka, mwanangu. Nawe tulia," akajibu Bi Mwanasiti.

Nyanya akaniita. "Mwanamisi!"

"Abee, nyanya."

"Lete makaa. Hima!"

Niliingia na kigae cha makaa. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye leso, kalegea, midomo rangi ya zambarau. Kitovu kilikuwa hakijakatwa. Bi Mwanasiti akaliweka kondo la nyuma juu ya makaa, maana walivyojua wao, uhai ulikuwa umebaki humo, na moto ungeurudisha kwa mtoto kupitia kitovu. Nyanya akagonga sinia karibu na sikio la mtoto kumwita. Wakasoma dua, wakangoja. Hawakuwa wazembe, wallahi! Walifanya kila walilofundishwa. Mwishowe mtoto akakoroma, akatoa mlio mwembamba, na vigelegele vikapigwa. Nami nikapiga vyangu kwa nguvu zangu zote.

Kesho yake akaanza kukakamaa. Mkono mmoja ulirukaruka wenyewe, midomo ikinyonya na hakuna ziwa.

"Nyuni huyo," nyanya akasema. Kisha akamgeukia mama. "Zile winda ulizomfulia, ulizianua saa ngapi?"

"Sikumbuki, mama," akajibu.

Basi, hapo hukumu ikapita. Alipozifua, mama alikuwa na mimba kubwa, miguu imemvimba, na sasa hakukumbuka saa ya kuanua nguo.

Dirisha likazibwa kwa matambara, na kila tundu la ukutani pia, ili ndege asipate pa kurudi. Mganga akaleta mavi makavu ya ndovu na ubani, mtoto akafukizwa humo ndani. Mimi nilikohoa hadi nikatolewa nje. Sule hakutolewa. Nikikumbuka moshi ule hasira hunipanda, na sijui nimkasirikie nani, maana kila aliyekuwamo chumbani alikuwa akimpenda.

Sule hakufa. Alirefuka akiwa mkekani, shingo haikukaza, neno hakusema. Mama alimlisha uji kwa kidole, akimwosha na kumwambia kila siku, "Nisamehe, baba." Majirani walimsikia wakaona sawa tu.

Miaka ya tisini nikaja kujifungua mwenyewe, kwenye zahanati si mbali na nyumbani. Binti yangu alitoka vilevile, mweusi wa zambarau, kimya. Nesi alikuwa peke yake, akamwita mama kutoka barazani alete leso kavu. Mama akaingia, akamwona mtoto, akaganda.

Nesi hata hakumtazama. Akampangusa mtoto, akamsugua mgongo, akamweka shingo sawa, akamfunika pua na mdomo kwa kikombe cha mpira, akawa anaminya mfuko wa hewa polepole. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, na mtoto akalia mpaka nikaona aibu kwa zile kelele.

"Kapitiwa na nini?" mama akauliza.

"Hajapitiwa na kitu, mama. Alikosa hewa tu. Ubongo wa mtoto haungojei. Hewa ikichelewa, unaumia, ndiyo unaona anakakamaa, akikua hakai wala hasemi."

"Na kama huo mfuko haupo?"

"Unampulizia kwa mdomo wako, taratibu."

Nilidhani mama angefurahi. Miaka yote ile alijihukumu kwa kosa ambalo halikuwepo, na sasa ameachiwa huru. Lakini alikaa pembeni mwa kitanda changu akalia kilio ambacho sikukiona hata siku ya mazishi ya baba. Hapo nikaelewa kwamba kosa la kusahau winda alikuwa ameshalizoea, akaishi nalo. Hili jipya halikuwa kosa la mtu, na ndiyo maana halikuwa na pa kuombewa msamaha.

"Mwanamisi," akasema, "pumzi ninazo. Ningempa."

Akajifuta kwa upindo wa leso, akainuka. Sule alikuwa hajala.